Maisha ya Bwana Osborne Reynolds na Swali la Mchanga

Bwana Mhariri aliniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri wa zamani kwa ajili ya gazeti letu la muhula huu. Nadhani alitazamia kwamba nitamwandika Newton au Livingstone, watu waliokwisha kuandikwa mara nyingi hata wanafunzi wanawajua kama majirani zao. Mimi nimemchagua Bwana Osborne Reynolds. Kila mhandisi duniani anajua jina lake, maana iko namba inayoitwa kwa jina hilo. Lakini habari zake mwenyewe ni wachache wazijuao. Tena ninayo sababu nyingine ya kumchagua. Nina deni, na afadhali nilieleze deni hilo kwanza kabla sijaingia katika maisha yake.

Mwaka 2014, mvua za masika zilipokwisha, nilikwenda na wanafunzi wa Kidato cha Pili kuchota mchanga katika korongo moja upande wa mashariki wa Mlima Meru. Tulitaka kujenga ngazi ndogo ya zege mbele ya maabara. Wenyeji wa huku wanayajua makorongo haya. Wakati wa kiangazi ni makavu kabisa, na mvua zikiisha hubaki mchanga mweusi uliotokana na majivu ya volkano, umelowa na kung'aa kama sahani iliyooshwa. Kijana mmoja alivua viatu, akakanyaga mchanga ule, akasimama akitazama chini. Akasogea, akakanyaga mahali pengine. Kisha akaniita, akauliza kwa nini mchanga unakauka anapoukanyaga. Akaeleza kwamba sifongo iliyolowa ukiibana hutoa maji. Mbona mchanga huu ukibanwa unayameza?

Nikaenda nikatazama. Kweli, kuzunguka mguu wake mng'ao ulikuwa umetoweka, na mchanga umekuwa wa kijivu kama ulioanikwa juani. Alipoinua mguu, unyayo ukajaa maji. Ningaliweza kusema kwamba sijui. Badala yake nilimwambia kwamba macho yake yanamdanganya, ashike karai aendelee na kazi. Wenzake wakacheka sana, na mimi nikacheka pamoja nao.

Miaka mitatu baadaye ndipo nilipofahamu kwamba swali lile lilikuwa limekwisha kujibiwa mwaka 1885, na kwamba aliyelijibu ni mmoja wa wahandisi wakubwa wa karne ile. Basi haya ndiyo maisha yake.

Bwana Reynolds alizaliwa tarehe 23 Agosti 1842 mjini Belfast, katika Ireland. Baba yake, ambaye naye aliitwa Osborne Reynolds, alikuwa kasisi na mwalimu wa shule, tena mtu aliyependa sana mitambo. Alibuni hata marekebisho ya vyombo vya kilimo akayaandikisha serikalini yawe haki yake. Baadaye jamaa ile ilihamia Dedham, huko Essex katika Uingereza, ambako baba alikuwa mwalimu mkuu. Kijana alisoma kwa baba yake mwenyewe. Nafikiri wale miongoni mwetu ambao baba zao ni walimu wanajua kwamba bahati ya namna hiyo ina utamu na uchungu wake.

Alipokuwa na umri wa miaka 19 hakupelekwa chuoni moja kwa moja. Alitiwa katika karakana ya Edward Hayes, fundi wa mitambo wa Stony Stratford, awe mwanagenzi. Humo alishika nyundo na tupa, akapakwa grisi, akaona mashine zikienda vizuri na mashine zikikataa kwenda. Hapo ndipo alipogundua kwamba mambo mengi ayaonayo kwa macho hawezi kuyaeleza bila hesabu. Basi hesabu hakuipenda kwa kuwa iko katika mtihani. Aliitafuta kama mtu atafutavyo spana inayolingana na nati yake. Akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, katika Queens' College, akamaliza mwaka 1867 akiwa wa saba katika mtihani mkuu wa hesabu, jambo ambalo si dogo.

Mwaka uliofuata, 1868, chuo cha Owens mjini Manchester kilitafuta profesa wa uhandisi. Uhandisi wakati huo ulihesabiwa kuwa kazi ya karakana, na maprofesa wa somo hilo katika Uingereza walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Reynolds aliomba kazi hiyo akapewa, naye ana umri wa miaka 25 tu. Mwaka huo huo alioa mke, jina lake Charlotte Chadwick. Baada ya mwaka mmoja mkewe alifariki. Alikaa miaka mingi kabla ya kuoa tena, mwaka 1881, na kazi aliyoishika Manchester hakuiacha mpaka alipostaafu.

Je, alikuwa mwalimu mwema? Hapa lazima niseme kweli. Wengi waliofundishwa naye walisema kwamba masomo yake yalikuwa magumu kufuatwa. Alianza hapa akaibukia kule. Wazo jipya likimjia katikati ya somo alilifuata lenyewe, darasa likabaki nyuma. Husimuliwa kwamba siku moja aliwafundisha wanafunzi kutumia rula ya kuhesabia, ile yenye kipande kinachoteleza katikati, akachukua mfano wa tatu mara nne. Rula ikampa kumi na moja na kitu. Darasa likatabasamu, naye akasema kwamba kwa kazi yao jibu hilo linatosha. Hata hivyo kutoka katika darasa hilo alitokea J. J. Thomson, ambaye mwaka 1897 aligundua elektroni. Mwalimu wa namna hii simsifu wala simlaumu. Najua tu kwamba hakuona aibu kukosea tatu mara nne mbele ya watoto, na mimi niliona aibu kusema sijui mbele ya watoto, tena habari za mchanga.

Kazi iliyompa jina kubwa aliitoa mwaka 1883. Alitengeneza tangi lenye kuta za kioo, ndani yake akalaza mrija wa kioo wenye mdomo mpana kama tarumbeta, akapitisha maji, na katikati ya maji akaachia uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole, uzi ule ulinyooka tangu mwanzo hata mwisho. Alipoongeza mwendo, ulifika mahali ukatetemeka, kisha ukavurugika ghafula, rangi ikajaa mrija wote. Reynolds akaonyesha kwamba mahali hapo pa kuvurugika panaweza kujulikana kwa hesabu: chukua mwendo wa maji, zidisha kwa upana wa mrija, zidisha kwa uzito wa kila kipimo cha maji, kisha gawanya kwa mnato, yaani ule ukaidi wa kimiminika wa kutotaka kutiririka. Namba ipatikanayo ikizidi kama 2,000, mtiririko katika bomba haukai tena kwa utulivu. Mwaka 1908 mwanahesabu wa Ujerumani, Arnold Sommerfeld, aliiita namba hiyo kwa jina la Reynolds, na hata leo waundao ndege, waundao meli na wapangao mabomba ya maji ya mji kama huu wetu huanza kwa kuitafuta. Tangi lenyewe bado limehifadhiwa Manchester. Mambo hayo yamo katika vitabu vyenu vya fizikia, kwa hiyo nayaacha hapo, twende kwenye mchanga.

Mwaka 1885 Reynolds aliandika juu ya jambo ambalo kila mtoto wa pwani ameliona. Mtu akitembea ukingoni mwa bahari maji yanapokupwa, mchanga uliolowa hukauka kuzunguka mguu wake. Watu wameliona jambo hilo tangu kuwapo bahari na miguu. Reynolds aliuliza kwa nini.

Jibu lake naweza kulieleza kwa machungwa. Nenda Soko la Kilombero utazame mama anavyopanga machungwa yake. Tabaka la chini hukaa pamoja, na kila chungwa la juu hukaa ndani ya kishimo kilicho kati ya yale ya chini. Hapo yamebanana, nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko namna nyingine za kuyapanga. Sasa jaribu kulisukuma tabaka la juu kwenda upande (lakini nunua machungwa kwanza, usije ukagombana na mama wa watu). Hayawezi kwenda upande tu. Lazima kwanza yapande, yatoke katika vishimo vyao, yapite juu ya vichwa vya wenzao. Yanapopanda, fungu zima linavimba, na nafasi kati ya chungwa na chungwa inaongezeka.

Mchanga uliotulia chini ya maji ni machungwa yaliyopangwa vizuri. Unapoukanyaga unazilazimisha chembe zipitane. Ili zipitane lazima ziachane kidogo. Zikiachana, mianya inakua. Na mianya ikikua lazima ijazwe. Maji yaliyo juu yanashuka kuijaza. Mng'ao unatoweka, mchanga unaonekana umekauka, kumbe umemeza maji zaidi. Ukiondoa mguu, chembe zinarudi kubanana, na maji yaliyozidi yanatoka ndiyo yajazayo unyayo. Macho ya kijana yule hayakumdanganya hata kidogo. Sifongo hubanwa ikapungua; mchanga ukibanwa hukua.

Reynolds hakutosheka na kueleza. Alichukua mfuko wa mpira, akaujaza mchanga na maji, akatia mrija wa kioo shingoni mwa mfuko, na katika mrija akaweka maji yenye rangi. Kila mtu alitazamia kwamba akiuminya mfuko maji yatapanda. Aliuminya, na maji yakashuka. Tarehe 12 Februari 1886 alionyesha majaribio ya namna hii mbele ya watu wa Royal Institution mjini London. Tena alionyesha kwamba mfuko ukifungwa usiingie maji mengine wala hewa, chembe haziwezi kuachana, kwa kuwa hakuna cha kujaza mianya. Basi mfuko ule uliokuwa laini unakuwa mgumu kama tofali na kubeba uzito mkubwa. Mmewahi kushika pakiti ya kahawa iliyotolewa hewa, ile ngumu kama jiwe, ambayo ukiitoboa inalegea mara moja? Sababu yake ni jamaa ya hiyo.

Mwaka huo huo wa 1886 alitoa kazi nyingine, na hapa nawaomba wasomaji mfuate kwa makini, maana ndipo penye kiini cha habari yangu. Mhandisi mmoja, Beauchamp Tower, alikuwa akipima beringi za namna itumikayo katika mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie mafuta, akashangaa kuona mafuta yanatoka tunduni yenyewe. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Reynolds alieleza kwa hesabu jambo lililotukia. Ekseli inapozunguka huyakokota mafuta na kuyaingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba. Mafuta yakiingia kwa nguvu mahali pembamba, msukumo wake hupanda, hata utando ule mwembamba unaweza kubeba uzito wote wa behewa. Chuma hakigusi chuma. Mabehewa yaliyorudi kufika Arusha mwaka 2020, baada ya stesheni yetu kukaa kimya miaka mingi, yalibebwa na utando wa grisi na mafuta uliohesabiwa kwa njia iliyoanzishwa na bwana huyu.

Basi katika muda wa miezi michache mtu mmoja alikuwa na funguo mbili mkononi. Ufunguo wa kwanza ni kwamba chembe zilizobanana haziwezi kupitana bila kuvimba. Wa pili ni kwamba utando mwembamba wa kimiminika unaweza kuvitenga vitu viwili visiguse, mpaka nguvu izidi. Mlango unaofunguliwa na funguo zote mbili pamoja ulikuja kufunguliwa na watu wengine, baadaye sana, na mlango wenyewe unaweza kuuona jikoni.

Muhula uliopita klabu ya sayansi iliujaribu. Mara ya kwanza tulishindwa vibaya, maana tulitumia unga wa dona. Makapi yake yanakunywa maji, na chembe zake ni za kila ukubwa. Mara ya pili tulinunua wanga wa mahindi, ule mweupe laini sana unaouzwa madukani kwa ajili ya kuzidishia mchuzi uzito. Tukachukua vikombe viwili vya wanga na karibu kikombe kimoja cha maji baridi. Ukiukoroga polepole, unatiririka kama maziwa ya mgando. Ukiupiga ngumi, unapiga ukuta. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu aliufinyanga haraka haraka mikononi ukawa donge. Alipoacha kuufinyanga, ukachuruzika katikati ya vidole vyake.

Chembe moja ya wanga huo ina upana wa kama sehemu 15 za elfu moja za milimita. Ni mchanga mdogo mno unaoelea katika maji. Ukisukuma polepole, utando wa maji unabaki kati ya chembe na chembe, nazo zinateleza kama ekseli katika mafuta. Ukisukuma kwa ghafula, nguvu inaushinda utando. Chembe zinagusana, zinakwaruzana, na kwa kuwa zimebanana zinataka kuvimba zisipate nafasi. Zote zinafungana. Hivyo ndivyo wataalamu wengi wa siku hizi wanavyoeleza, nao wamefikia hapo baada ya mabishano marefu. Katika maelezo yao mwaona Reynolds wa 1885 na Reynolds wa 1886 wakikaa meza moja.

Nguo za kuzuia risasi ndizo zilizofanya watu wengi waanze kuliangalia jambo hili. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware na wa maabara ya jeshi la Marekani walitangaza kwamba walilowesha kitambaa cha Kevlar kwa uji wa namna hiyo, uliotengenezwa kwa chembe za silika zisizofikia upana wa nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kitambaa kilikunjika kama kawaida, lakini kilipopigwa kwa kasi kiligoma. Silika ndiyo dutu kubwa ya mchanga mweupe, na majivu ya pumba za mpunga, kama ule ulimwao Mto wa Mbu, yana silika nyingi sana.

Tangu hapo kazi kubwa ya watafiti imekuwa kuuliza hivi: tukitia kitu kingine kidogo ndani ya uji huo, itakuwaje? Vitu hivyo ni vya namna mbili hasa. Namna ya kwanza ni chembe ndogo zaidi, ziitwazo chembe za nano, ambazo upana wake hupimwa kwa sehemu za milioni moja za milimita. Hapa iko hila ambayo mimi mwenyewe ilinichukua muda kuielewa. Ukiondoa baadhi ya chembe kubwa na kuweka ndogo mahali pao, jumla isizidi, zile ndogo hukaa katika mianya kama zabibu kati ya machungwa, zikubwa zikapata nafasi, uji ukatiririka kwa urahisi zaidi. Bali ukiziongeza juu ya zile zilizokuwamo, jumla inapanda, maji yaliyo huru yanapungua, na ule ugumu huja mapema tena kwa nguvu zaidi. Kitu kile kile, matokeo mawili.

Namna ya pili ni polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo. Ute wa bamia una minyororo ya namna hiyo. Ndiyo maana mlenda unavutika. Minyororo ikifunika kila chembe kama manyoya, chembe hazigusani upesi, na ugumu unachelewa. Mafundi wa majengo makubwa hutumia dawa za aina hii katika zege, ili itiririke vizuri bila kuzidishiwa maji. Lakini mnyororo ukiwa mrefu na wenye kunata, unaweza kushika chembe mbili kwa wakati mmoja, ukazifunga kama kamba ifungavyo mbuzi wawili, na uji ukaganda kabla ya wakati wake. Tena minyororo ikielea tu majini pasipo kushika chembe, huyafanya maji yenyewe yawe mazito, basi hata ukikoroga polepole nguvu inatosha kuleta ule ugumu.

Sisi tulijaribu ute wa bamia badala ya maji. Uji ulikuwa mzito tangu kukoroga kwa kwanza, ukavutika, na ule ugumu wa ghafula ukajificha ndani ya uzito huo. Klabu ikagawanyika pande mbili, wengine wakasema umezidi, wengine umepungua. Mkono si kipimo. Kiko chombo kinachozungusha uji kati ya sahani mbili na kupima nguvu inayohitajika, nasi hatunacho. Hata hivyo si mambo ya mbali nasi. Hapo Tengeru, katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Dakta Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji lenye mchanga pamoja na chembe za nano, akapata tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi ya mwaka 2015 kutoka Uingereza. Kazi yake ilikuwa kusafisha maji, si kuyafanya magumu. Lakini ni mchanga ule ule na chembe ndogo zile zile.

Sasa narudi kwa Bwana Reynolds, maana mwisho wa maisha yake unanisikitisha. Heshima alipata. Royal Society ilimpokea mwaka 1877, na mwaka 1888 ilimpa nishani yake. Lakini lile jambo la mchanga halikumwachia. Alianza kuamini kwamba ulimwengu wote umejazwa chembe ndogo mno zilizobanana, na kwamba hata nguvu ivutayo vitu chini inatokana na kule kuvimba kwa chembe. Aliyaeleza hayo Cambridge mwaka 1902, na mwaka 1903 akayatoa katika kitabu kizima, kilichojaa hesabu. Alikihesabu kuwa kazi yake kubwa kupita zote. Wenzake walishindwa kukielewa. Mwaka 1905 alistaafu kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa ukimpotezea akili, na mwaka huo huo kijana mmoja aliyefanya kazi katika ofisi ya hataza huko Bern, Albert Einstein, aliandika makala iliyofanya wanasayansi waache kidogo kidogo imani ya kwamba anga limejazwa dutu yoyote ya namna ile. Bwana Reynolds alifariki Watchet, katika Somerset, tarehe 21 Februari 1912. Sijui nimhukumu vipi kwa kitabu kile. Alikosea, tena kwa miaka mingi. Lakini alikosea kwa kulifuata swali lile lile lililompa jibu la kweli katika mchanga.

Mwaka jana nilikutana na yule kijana wa korongoni penye kituo cha mabasi. Sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na mke. Alinisalimu kwa heshima, shikamoo mwalimu, nami nikamwitikia, kisha nikamwambia kwamba nimepata jibu la swali lake la mchanga. Akafikiri. Swali lenyewe alikuwa amelisahau. Alichokumbuka ni kwamba siku ile tulimcheka, na kwamba tangu hapo hakuinua tena mkono katika somo langu.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamweleza habari za machungwa na mfuko wa mpira, tumesimama pale pale katikati ya mizigo ya watu, na utingo anaita abiria. Alisikiliza hata mwisho. Halafu akauliza kama mfuko ungejazwa mafuta badala ya maji, nayo yangeshuka? Nikamjibu kwamba sijui. Gari likaondoka.

Nimejaribu. Nilitumia puto, mchanga wa korongo uliochekechwa na kukaushwa, mafuta ya alizeti, na mrija wa kioo wa maabara. Kazi kubwa ni kutikisa mpaka mapovu yote ya hewa yatoke. Ukiminya, mafuta yanashuka vilevile, ila polepole kuliko maji. Puto hilo liko katika kabati la maabara, rafu ya pili, na mwanafunzi au mzazi yeyote anaweza kuja kuliminya. Kwa kijana mwenyewe nimekwisha tuma habari kwa simu.